Sauti Isiyo na Uso: Electrifying Mojo na Asili ya Tekno

Waandikao habari za muziki wa tekno huanza karibu wote mahali pamoja. Huanza na vijana watatu weusi, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliojuana shuleni huko Belleville, mji mdogo ulio kama maili 30 magharibi ya Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Husemwa kwamba vijana hao walitwaa mashine zilizotengenezwa kwa kazi nyingine, wakazitia roho, na ulimwengu ukapata muziki ambao haukuwapo. Kisha masimulizi hukimbilia London, mwaka 1988, ambako muziki huo ulipewa jina na kuanza kuuzwa. Katikati ya masimulizi hayo hutajwa, kwa sentensi moja au mbili, mtangazaji wa redio aliyejiita The Electrifying Mojo, ambaye vijana hao walimsikiliza usiku. Akiisha kutajwa, husahauliwa. Hutendewa kama mfereji: maji yamepita ndani yake, lakini hakuna aulizaye maji yalikuwaje kabla ya kuingia na yalikuwaje yalipotoka.

Hukumu hiyo yastahili kuchunguzwa, wala si kwa ajili ya kumtafutia mtu mmoja sifa alizonyimwa. Ndani yake limejificha swali ambalo kila mhakiki wa sanaa isemwayo na kusikilizwa hana budi kulikabili: mtu asiyetunga, bali achaguaye tungo za wengine, akazipanga na kuzitoa mbele ya hadhira, ana sehemu gani katika sanaa mpya izaliwayo na hadhira ile? Kiswahili kina jina la mtunzi, kina jina la mghani, tena kina jina la manju, ambaye katika ngoma huweza kuongoza wimbo asioutunga yeye na bado ngoma ikaitwa yake. Lugha iliyotenga kazi hizo tatu kwa majina matatu haipasi kuridhika na historia inayomjua mtunzi peke yake.

Mtu mwenyewe ni Charles Johnson, mzaliwa wa Little Rock katika jimbo la Arkansas. Alipokuwa katika jeshi la anga la Marekani alipelekwa Ufilipino, na huko alifanya kazi ya kupiga santuri redioni kwa ajili ya askari. Jambo hili hupitwa upesi na waandishi, lakini lina uzito. Redio ya kambi ni redio ya wote waliomo kambini; kijana mweusi wa kusini na kijana mweupe wa kaskazini hulala chini ya paa moja na kusikia sauti moja, na mpiga santuri hawezi kuwachagulia muziki kwa rangi za ngozi zao bila kuwakosa nusu yao. Aliporudi alisoma katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, akatangaza redioni huko, na mwaka 1977 akaingia WGPR ya Detroit. Kituo hicho kilikuwa mali ya chama cha Freemason weusi kilichoongozwa na William V. Banks, na chama hicho kilikuwa kimekwisha kufungua, mwaka 1975, kituo cha kwanza cha televisheni kumilikiwa na watu weusi katika Marekani bara. Mwaka 1982 Mojo alihamia WJLB, na baadaye akapita katika vituo vingine vya mji huo huo.

Mji wenyewe wajulikana. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu wapatao 1,850,000. Mwaka 1980 walibaki kama 1,200,000. Viwanda vya magari vilipunguza mikono, weupe walihamia vitongojini, na ghasia za Julai 1967, zilizoua watu 43, ziliharakisha mwendo uliokwisha kuanza. Hata Motown, kampuni ya santuri iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1959 na kuupa jina duniani, ilihamisha makao yake Los Angeles mwaka 1972. Hayo yote yamesemwa mara nyingi, pengine kupita kiasi, maana wako wahakiki ambao hawawezi kusikia mdundo wowote kutoka Detroit bila kusikia kiwanda kilichofungwa. Viwanda vilifungwa katika miji mingi ya Marekani. Si kila mji ulizaa tekno.

Lililo karibu zaidi na jambo hili ni hali ya redio. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 redio za Marekani zilikuwa zimegawanywa kwa mafungu, na kila fungu lilikuwa na wateja wake, na matangazo ya biashara yake, na, kwa kweli, rangi yake. Kituo cha roki kilipiga magitaa ya weupe; kituo cha watu weusi kilipiga soul, fanki na disko. Mtangazaji alipewa orodha na akaifuata. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli huko Chicago, mtangazaji mmoja wa roki alikusanya santuri za disko na kuzilipua mbele ya maelfu waliokuwa wakishangilia; na ingawa tendo hilo lilifanywa kwa jina la mzaha, lilionyesha wazi jinsi ukuta kati ya fungu na fungu ulivyokuwa mrefu. Katika hali hiyo mtu aliyetaka kusikia muziki wa upande wa pili alipaswa kugeuza kitufe cha redio, yaani kutoka katika nyumba moja na kuingia katika nyingine, na si kila mtu alijiona amekaribishwa.

Mojo alipiga vyote katika nyumba moja. Katika usiku mmoja msikilizaji wake aliweza kupata Parliament na Funkadelic, Prince, B-52's, Peter Frampton, muziki wa filamu, na Kraftwerk kutoka Düsseldorf. Bendi ya weupe kutoka Massachusetts, J. Geils Band, ilijikuta ikipendwa na weusi wa Detroit kwa ajili ya wimbo wa "Flamethrower", ambao mahali pengine haukushughulikiwa sana. Lakini mtu akisema tu kwamba Mojo alichanganya, amesema neno dogo. Kuchanganya ni kazi ya soko: hapo samaki, hapo nguo, hapo sufuria, na kila kitu chabaki mbali na mwenzake. Yafaa kutazama jinsi alivyovitia vitu hivyo katika mfano mmoja, kwa kuwa hapo ndipo ulipo usanii wake.

Kila usiku kipindi kilianza kwa kutua kwa chombo. Chombo hicho kilikuwa kile cha George Clinton, ambaye mwaka 1975, katika santuri ya Parliament iitwayo "Mothership Connection", aliwapa watu weusi merikebu ya angani na kuwapandisha. Mojo aliichukua merikebu hiyo, akaifanya iwe desturi ya kila siku. Ikisikika sauti ya mitambo ikishuka, msikilizaji alijua kwamba mlango umefunguliwa. Na sauti nzito, ya polepole, isiyo na haraka ya muuza bidhaa, ilianza kusema naye kana kwamba inamjua. Saa sita ya usiku iliitishwa Midnight Funk Association. Wanachama, ambao walikuwa na kadi zao, waliamriwa wainuke. Aliye nyumbani awashe taa ya baraza. Aliye garini apige honi na kumulika taa. Aliye kitandani, basi na ajitayarishe kucheza ngoma hapo hapo alipolala. Na watu walifanya hivyo. Katika mitaa ambayo magazeti yaliisema kwa habari za uhalifu tu, usiku wa manane taa za baraza ziliwaka nyumba baada ya nyumba, na kila mwenye kuwasha aliona ya jirani yake ikiwaka.

Hapa mhakiki hana budi kutua. Redio ni chombo cha upweke: mmoja asema, wengi wasikia, na hakuna msikilizaji amwonaye mwenzake. Taa ile ya baraza iliwageuza wasikilizaji kuwa hadhira kwa maana yake kamili, yaani watu waliohudhuria. Kiitikio cha ngoma kilirudishwa, ila badala ya sauti kulikuwa na mwanga. Na mtu akiisha kuwasha taa yake kwa ajili ya muziki fulani, hawezi tena kusema kwamba muziki ule si wake. Wajerumani wanne wenye mashine zao, waliovaa tai na mashati, waliingia katika mitaa ile kwa mlango huo, chini ya ulinzi wa merikebu ya Clinton, kama wageni wa chombo na si kama wageni kutoka Ulaya. Ndiyo maana swali la kama muziki wa Kraftwerk ni wa weupe au si wa weupe, ambalo limewachosha waandishi wengi, halikuwasumbua sana wale vijana. Walikwisha kujibiwa kabla ya kuuliza.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa usemi maarufu wa Derrick May, ambao hunukuliwa katika karibu kila andiko juu ya tekno, kwamba muziki huu ulitokea kama ajali, kana kwamba George Clinton na Kraftwerk wamekwama katika lifti moja. Usemi huo ni mzuri na wachekesha, na mtu aliyeusema ana haki ya kuchekesha. Waandishi waliourudia hawakujiuliza lifti ile ni ipi, na ni nani aliyewaingiza wawili hao humo. Clinton na Kraftwerk hawakukutana kwa ajali. Walikutanishwa usiku baada ya usiku, kwa makusudi, na mtu aliyekuwa na hoja.

Pingamizi la kwanza litakuja upesi, nalo ni zito. Weusi wa New York nao waliwasikia Kraftwerk, na Mojo hakuwa kwao. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa, pamoja na Arthur Baker, alitoa "Planet Rock", ambao ulichukua sauti kutoka "Trans-Europe Express" na mdundo kutoka "Numbers", na wimbo huo ulizaa ukoo mzima. Basi, kama Kraftwerk walifika Bronx bila Mojo, kuna haja gani ya kusema kwamba bila Mojo wasingelifika Detroit?

Wangelifika. Lakini namna ya kufika si moja, na tofauti ile yasikika katika kazi zenyewe. Katika New York muziki wa Kraftwerk ulisikika katika ngoma, mbele ya umati, na ulisikika kwa vipande: mpiga santuri alitafuta mahali ambapo mdundo umesimama peke yake, akaurudia, na juu yake mtu akasema maneno yake. Uligeuka kuwa mkeka wa kuchezea. Katika Detroit, Mojo aliipiga "Computer World", santuri ya mwaka 1981, kwa wimbo baada ya wimbo, zikaachwa zifike mwisho wake. Hakukata. Aliwapa wasikilizaji wake umbo lote: mwanzo wa baridi, marudio yasiyochoka, sauti ya mashine ihesabuyo kwa Kijerumani, Kiingereza, Kijapani na lugha nyingine bila kusema inahesabu nini. Na aliwapa usiku, katika giza, msikilizaji akiwa peke yake chumbani au garini barabarani. "Planet Rock" ni wimbo wa umati. Una mwito, una kelele za furaha, wataka watu wengi. Nyimbo za mwanzo za Detroit hazitaki watu wengi.

Zisikilizwe kwa makini. Mwaka 1981 Juan Atkins, aliyekuwa na umri wa kama miaka 19, na Richard Davis, askari mkongwe wa vita vya Vietnam aliyekutana naye katika chuo cha Washtenaw, walitoa "Alleys of Your Mind" kwa jina la Cybotron. Davis alijiita 3070, jina la namba, na hiyo peke yake yaonyesha walitaka kuelekea wapi. Wimbo huo ni wa polepole. Besi yake yatembea kama mtu atazamaye nyuma. Sauti ya mwimbaji ni kavu, imewekwa mbali, haimbembelezi mtu yeyote. Vichochoro vilivyotajwa katika jina lake vimo mjini na vimo akilini kwa wakati mmoja, na wimbo haujaribu kumweleza msikilizaji yumo katika vipi. Mojo aliupiga, na santuri hiyo, iliyotolewa na vijana wenyewe bila kampuni kubwa nyuma yao, ikauzwa kwa maelfu, 15,000 hivi kama inavyosimuliwa, sehemu kubwa mjini Detroit na pembezoni mwake. Mwaka uliofuata walitoa "Cosmic Cars", na mwaka 1983 "Clear". Mwaka 1985 Atkins, akiwa peke yake kwa jina la Model 500, alitoa "No UFOs" katika kampuni yake mwenyewe ya Metroplex, na mwaka huo huo "Night Drive", ambao mtu aongea kwa sauti ya chini huku gari likienda katika mji wa usiku.

Magari, usiku, vyombo vya angani, sauti ya mtu mmoja iongeayo na mtu mmoja: orodha hiyo ya mambo ni orodha ya kipindi cha Mojo. Waandishi wamezoea kuieleza kwa vitabu. Husemwa, na ni kweli, kwamba Atkins alisoma kitabu cha Alvin Toffler cha mwaka 1980 kiitwacho "The Third Wave", na humo akapata neno lililomwelekeza kwenye jina la tekno. Kitabu kilimpa jina. Hakikumpa mwendo wa besi, wala hakikumfundisha kwamba wimbo waweza kuachwa dakika kadhaa bila jambo jipya kutokea na bado mtu akaendelea kusikiliza. Hayo hufunzwa na sikio, na sikio hilo lilikuwa na mwalimu.

Wala asidhaniwe kwamba mwalimu alikuwa mmoja. Upande huu watetezi wa Mojo nao hupotoka, kwa kutaka kumwondoa mwasisi mmoja na kumweka mwingine katika kiti kile kile. Katika klabu za Detroit alikuwako Ken Collier, bingwa wa kuunganisha santuri, ambaye jina lake lilikuwa kubwa hasa katika klabu za wanaume weusi wapendanao na wanaume. Na vijana wengi waliokuja kuwa mashuhuri walijifunza kwake jinsi ya kushika usiku mzima bila kuuachia. Kama Mojo ametajwa kwa sentensi mbili, Collier kwa miaka mingi hakutajwa hata kwa moja, na sababu yake si ngumu kukisia. Walikuwako pia wanafunzi wa sekondari wenye karamu zao za mavazi ya Kitaliano na majina ya Kifaransa. Kutoka kwao ilipatikana "Sharevari" ya kundi la A Number of Names, ya mwaka 1981 vilevile, na wanahistoria hubishana bado kama hiyo au "Alleys of Your Mind" ndiyo iliyotangulia. Ubishi huo hauna faida kubwa. Zote mbili zilipigwa na Mojo, na wachezaji wa kipindi cha televisheni cha "The Scene", kilichorushwa na WGPR-TV, walizicheza mbele ya kamera, tena kwa ustadi ambao wafaa kutazamwa na kila adhaniye kwamba muziki wa mashine huwafanya watu kuwa wagumu.

Kisha yuko Jeff Mills. Naye alikuwa mtu wa redio, tena katika Detroit hiyo hiyo. Katika miaka ya 1980 alijulikana kwa jina la The Wizard, na kazi yake ilikuwa kinyume cha kazi ya Mojo karibu kwa kila jambo. The Wizard hakusema. Mikono yake ilisema badala yake: alikata, alirudisha, alirukia santuri nyingine kabla ya sikio kuzoea ile ya kwanza, akabadilisha nyingi katika muda ambao Mojo angepiga moja. Mtu akilichukua neno mpiga santuri kwa maana yake ya leo, yaani fundi wa kuunganisha, The Wizard ndiye na Mojo siye. Kwa hiyo kumwita Mojo mwasisi wa upigaji santuri wa tekno ni kosa la wazi. Ufundi ule hakuuasisi. Aliloasisi ni usikilizaji, na usikilizaji hauna mashine inayoweza kuwekwa katika jumba la makumbusho.

Sasa yaweza kuonekana kwa nini masimulizi yalikwenda yalivyokwenda. Mwaka 1988 Neil Rushton, Mwingereza, alikusanya nyimbo za vijana wa Detroit katika santuri moja iliyotolewa na 10 Records, tawi la Virgin. Ilikuwa karibu iitwe kwa jina la house, muziki wa Chicago uliokwisha kupata soko Uingereza, lakini Atkins alikuwa ameleta wimbo wenye neno tekno katika jina lake, na mwisho santuri ikaitwa "Techno! The New Dance Sound of Detroit". Maelezo ya jalada yaliandikwa na Stuart Cosgrove. Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii na kwa mapenzi, na bila yake huenda vijana wale wangebaki mashuhuri katika mji mmoja. Hata hivyo ilikuwa kazi ya kuuza, na kila kiuzwacho chahitaji mtengenezaji mwenye jina na sura. Atkins, May na Saunderson walikuwa na majina, walikuwa na sura, walikuwa na santuri. Mtangazaji wa redio hauziki ng'ambo ya bahari: mawimbi yake hayafiki, usiku wake haufungiki katika jalada, na huyu, juu ya yote, alikataa kupigwa picha. Historia ya tekno iliandikwa kwanza na watu walioweza kununua santuri lakini hawakuweza kusikia redio. Walieleza kwa uaminifu kile kilichowafikia, na vitabu vilivyofuata, hata vile vya Wamarekani wenyewe, vimeona taabu kutoka katika mpango huo.

Kuhusu kuficha sura kuna jambo ambalo wahakiki wamelieleza vibaya. Mojo hakuonekana. Wasikilizaji waliomfuata kwa miaka hawakujua ana uso gani, na hakuwa mtu wa kutoa habari zake. Hata Prince, ambaye katika miaka hiyo hakukubali kuhojiwa karibu na mtu yeyote, alikubali kuzungumza na Mojo redioni mwaka 1986, baada ya kufanya onyesho mjini Detroit siku yake ya kuzaliwa. Yaelekea mtu mwenye kuogopa kutazamwa alimwamini mwenzake. Sasa, tekno nayo yajulikana kwa kuficha nyuso. Underground Resistance, kundi lililoanzishwa na Mike Banks na Jeff Mills mwishoni mwa miaka ya 1980, lilifunika sura na kukataa picha. James Stinson na Gerald Donald, waliojiita Drexciya, walitoa santuri kwa miaka bila kusema wao ni nani. Husemwa kwamba hiyo ni tabia ya mashine, kwamba mwanadamu amejiondoa ili chuma kiseme. Maelezo hayo hayatoshi, maana Kraftwerk, waliojifananisha na roboti kuliko wote, walitia sura zao juu ya majalada yao. Yaelekea zaidi kwamba vijana wa Detroit walijifunza katika redio kuwa sauti yaweza kuwa na nguvu kwa sababu haina uso, na kwamba mtu mweusi asiyeonekana aweza kusema na watu wa rangi zote kabla hawajapata nafasi ya kuamua kama watamsikiliza.

Drexciya walikwenda mbali kuliko wengine. Katika santuri yao ya "The Quest", ya mwaka 1997, walisimulia habari za taifa liishilo chini ya bahari, watoto wa wanawake wajawazito waliotupwa majini kutoka katika merikebu za watumwa. Huo ni utenzi wa huzuni kuu, na umejengwa juu ya umbo lile lile: merikebu, safari, watu waliopotea ambao hawakupotea, na muziki usio na maneno uliopewa maana na hadithi iliyowekwa kando yake. Clinton aliipandisha merikebu angani. Mojo aliitua kila usiku juu ya paa za Detroit. Drexciya waliizamisha hadi pale ilipoanzia. Mtu aondoaye kiungo cha katikati, akavuka moja kwa moja kutoka Clinton hadi Drexciya, ataona mfanano na kuustaajabia, lakini hataweza kueleza jinsi hadithi ya jukwaani ilivyokuwa desturi ya nyumbani.

Lawama moja dhidi ya Mojo yabaki, nayo haijibiki kwa wepesi. Maneno yake yalikuwa mengi. Kati ya santuri alitoa mawaidha, akaisema hali ya mji, akawaambia waliokata tamaa kwamba mtu akifika mwisho wa kamba yake afunge fundo na kushikilia. Katika maandishi, mawaidha ya namna hiyo huonekana mepesi, hata ya kawaida mno, na msomaji mkali atasema kwamba mtu huyu hakuwa mshairi. Hakuwa. Utamu wa maneno yake ulikuwa katika mahali yalipowekwa: baada ya dakika nyingi za mashine zisizomjali mtu, sauti ya mtu yajitokeza na kumjali msikilizaji kwa jina la jumuiya yake. Ubaridi wa muziki ulifanya mawaidha yavumilike, na mawaidha yalifanya ubaridi uvumilike. Tekno iliyofuata ilichukua nusu ya kwanza ya mpango huo na mara nyingi ikaiacha ya pili. Kama ilipata faida au hasara kwa kufanya hivyo ni jambo la kubishaniwa, lakini "Strings of Life" ya Derrick May, ya mwaka 1987, yenye piano ile iliayo juu ya mdundo usiobembeleza, yaonyesha kwamba mtunzi mmoja angalau alijua kuna kitu kilichokuwa kikikosekana.

Kilichobaki cha kipindi chenyewe ni kaseti walizonasa wasikilizaji majumbani, na hizo zina kasoro zake. Upande mmoja wa kaseti ya kawaida huchukua dakika 30 au 45. Mojo alikuwa na usiku. Kanda yafika mwisho katikati ya santuri, mtu aigeuza, na dakika iliyopita katika kugeuza haipo tena. Katika nyingine msikilizaji amesimamisha kanda kila mtangazaji alipoanza kusema, ili apate muziki mtupu bila maneno. Hao walihifadhi santuri ambazo zingeweza kununuliwa dukani hata leo, wakaacha ile sehemu moja ambayo haikuuzwa mahali popote.